Nguzo Iliyorudi Ardhini: Historia ya Banda la Mkulima wa Marekani

Mwezi Mei 1607, Waingereza mia moja na ushei walishuka kwenye ukingo wa mto James, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Virginia, wakaanza kujenga ngome. Hawakuwa na muda wa kuchonga mawe wala kuchoma matofali. Walikata miti, wakachimba mitaro na mashimo, wakasimamisha magogo na kuyashindilia udongo. Nyumba zao na ghala lao vilisimama kwa namna hiyo hiyo, nguzo ndani ya shimo. Ngome ile iliitwa James Fort, na kwa muda mrefu watu waliamini kwamba mto ulikwisha kuimeza. Mwaka 1994 mwanaakiolojia William Kelso alianza kuchimba mahali hapo, na akaikuta. Hakukuta mbao. Alikuta mabaka ya udongo mweusi, ya mviringo, yamejipanga kwa mistari katikati ya udongo wa rangi nyingine. Kila baka lilikuwa nguzo iliyoozea pale pale iliposimamishwa.

Kwetu pwani, kazi kama hiyo ilifanyika Shanga, katika kisiwa cha Pate, miaka ya 1980. Mark Horton na wenzake walichimba chini ya msikiti wa mawe wakakuta alama za nguzo za misikiti ya miti iliyoutangulia, ya zamani zaidi ikiwa ya karne ya 8. Kabla ya jiwe palikuwa na mti, na mti huo ulichimbiwa.

Kuchimbia nguzo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kusimamisha jengo. Huhitaji msingi. Huhitaji mihimili ya kuegemeza ukuta, kwa sababu udongo wenyewe umeishika nguzo isilale. Anayejua kushika jembe na shoka anaweza kuanza leo. Adui mkubwa wa jengo hilo ni mmoja, na makao yake ni sehemu ndogo sana ya mti, ule upana wa shibiri moja au mbili pale nguzo inapoingia ardhini. Kuvu wanaoozesha mti wanataka vitu vinne: chakula, joto, maji na hewa. Juu kabisa ya nguzo, jua na upepo huukausha mti, na maji hayatoshi. Chini kabisa hewa ni haba. Lakini usawa wa ardhi una vyote, mvua inapopiga na kukauka, udongo unapofuka unyevu mchana na usiku. Hapo ndipo nguzo hukatika, huku ncha zake mbili bado ni nzima. Historia yote inayofuata ni ya watu waliojaribu kuilinda shibiri hiyo.

Wakoloni wa Virginia na Maryland hawakuilinda. Kwa karne nzima ya 17 walijenga karibu kila nyumba na kila banda kwa nguzo za kuchimbiwa, hata matajiri miongoni mwao. Sababu ilikuwa tumbaku. Tumbaku ilichosha ardhi upesi, ikadai shamba jipya kila baada ya miaka michache, na ikameza kila mkono uliopatikana wa kufanya kazi. Ya nini kujenga nyumba ya kudumu mahali utakapopahama? Nguzo zikioza unazibadilisha, na zikioza tena unahama. Majengo hayo yametoweka karibu yote. Mawili yaliyosalia yanajulikana vizuri, yote Maryland: Cedar Park, la mwaka 1702, na Sotterley, la mwaka 1703. Cedar Park lilipona kwa sababu wenyewe baadaye walilizungushia ukuta wa matofali, nguzo zikabaki ndani kama mfupa ndani ya nyama.

Mkulima aliyenuia kukaa alifanya vingine. Wajerumani na Waswisi walioingia Pennsylvania katika karne ya 18 walikuta ardhi nzuri ya ngano na wakanuia kuwarithisha watoto. Waliinua mti kutoka ardhini. Walijenga kwanza msingi wa mawe, mara nyingi ukiwa umeingizwa kwenye mteremko wa kilima ili mkokoteni uingie ghorofa ya juu kutoka upande mmoja na ng'ombe waingie ya chini kutoka upande wa pili. Juu ya mawe walilaza magogo ya mwaloni yaliyochongwa pande nne, na juu ya magogo wakasimamisha fremu nzima. Kila kiungo kilikuwa tundu na ulimi, kikifungwa kwa kigingi cha mti. Mabanda hayo mengine yamesimama miaka 200 na zaidi.

Lakini tutazame gharama yake. Nguzo isiyochimbiwa haisimami peke yake. Inadai mihimili ya mshazari kila pembe, mtambaapanya wa kuifunga na mwenzake, na fundi anayejua kupima kila tundu kabla fremu haijainuliwa. Seremala na wasaidizi wake walichonga kwa wiki nyingi. Kisha ilifika siku ya kuinua, na siku hiyo ilihitaji majirani wote: wanaume makumi kwa makumi wenye miti mirefu yenye ncha za chuma, wakisukuma fremu nzito kwa mpigo mmoja, na wanawake wakiwapikia. Waamishi, jumuiya ya Wakristo wa Pennsylvania na Ohio, wanaifanya kazi hiyo mpaka leo, na ni jambo la kupendeza kwa kweli. Ila banda kama hilo liliwezekana tu palipokuwa na msitu wa miti minene, fundi mwenye elimu ya baba zake, na kijiji kilichoshikamana. Walowezi waliposonga magharibi, wakaingia nyika za Illinois, Iowa na Nebraska, vitu hivyo vitatu vilipungua kimoja baada ya kingine.

Dawa ya ile shibiri ilitoka mahali ambapo hakuna mkulima angeitafuta: kwenye reli. Mataruma ya mti yanalala juu ya ardhi mvua na jua, na kampuni za reli za Uingereza zilikuwa zikiyabadilisha bila kikomo. Mwaka 1838 John Bethell alipata hataza ya njia mpya. Mbao hufungiwa ndani ya tangi la chuma, hewa ikavutwa nje, kisha mafuta yanayotokana na lami ya makaa ya mawe yakasukumwa kwa shinikizo mpaka yakaingia ndani ya nyama ya mti. Mafuta hayo ni kreosoti. Tofauti yake na kupaka kwa brashi ni kubwa. Dawa iliyopakwa hukaa juu ya ngozi ya mti, na ufa mmoja tu wa jua unafungua mlango. Dawa iliyosukumwa kwa shinikizo inakaa ndani, na kuvu hukuta chakula chao kimetiwa sumu.

Marekani haikuiharakia. Ilikuwa na miti mingi mno. Samuel Morse alipojenga laini yake ya telegrafu kati ya Washington na Baltimore kwa dola 30,000 za Bunge, alianza kwa kuzika waya ndani ya mabomba. Waya ukavujisha umeme, fedha zikawa zinakwisha, ikabidi utundikwe juu ya nguzo. Laini ilizinduliwa 24 Mei 1844, na kutoka siku hiyo nchi ilianza kupandwa nguzo. Zilizopendwa zilikuwa za mierezi na za mti uitwao chesnati, kwa kuwa miti hiyo ina sumu yake ya asili inayokawiza kuoza. Ukiwa na chesnati, kreosoti ilikuwa gharama ya bure.

Mwaka 1904, katika bustani ya wanyama ya Bronx huko New York, walinzi waliona michesnati inakauka kutoka juu. Ilikuwa kuvu kutoka Asia. Ugonjwa ulitembea kusini na magharibi kwenye milima ya Appalachia, na katika muda wa nusu karne ulikuwa umeua miti inayokadiriwa kufika bilioni 4. Ni mojawapo ya misiba mikubwa ya misitu inayojulikana, na vijiji vya milimani vilivyoishi kwa mti huo havikupata kingine cha kushika nafasi yake. Kampuni za simu na umeme nazo zilipoteza chanzo chao cha nguzo. Zikageukia mipaini ya kusini, mti unaokua haraka, ulionyooka, na usio na kinga yoyote. Ukiuchimbia mbichi unaoza ndani ya miaka michache.

Hapa kuna jambo ambalo naona halikupewa uzito wa kutosha na wanaosimulia habari za ujenzi. Udhaifu wa mpaini ndio uliokuwa nguvu yake. Mti mgumu kwa asili, kama mwaloni mweupe, umezibika vijishimo vyake, na dawa haipenyi hata kwa shinikizo. Mpaini una tabaka nene la nje lenye kunywa kila kitu, maji na kuvu, na kreosoti pia. Ukisukumiwa dawa, mti duni kuliko wote msituni unageuka kuwa nguzo ya miaka 40 au 50. Tangu 1902 ilikuwapo pia njia ya Mjerumani Max Rüping, ambayo ilirudisha nje sehemu ya mafuta baada ya kupenya, na gharama ikashuka. Kufikia miaka ya 1920 mitambo ya kutia dawa ilikuwa imeenea kusini mwa Marekani. Nguzo bora ya kuchimbia, ambayo wakoloni wa Virginia hawakuwa nayo, sasa iliuzwa kwa treni.

Paa nalo lilikuwa limekwisha kupata ufumbuzi. Henry Robinson Palmer alipata hataza ya bati lenye migongo jijini London mwaka 1829, na Stanislas Sorel akapata yake ya kupaka chuma zinki nchini Ufaransa mwaka 1837. Mabati hayo ndiyo yaliyofika Afrika Mashariki na kuezeka miji yetu. Msomaji anayajua, wala sihitaji kuyaeleza. La kukumbuka ni hili: bati ni jepesi. Paa jepesi halihitaji magogo mazito chini yake.

Basi kila kitu kilikuwapo, na hakuna aliyekiunganisha, mpaka umaskini ulipolazimisha. Kati ya 1929 na 1932 mapato ya wakulima wa Marekani yaliporomoka kwa zaidi ya nusu. Mabenki na makampuni ya bima yaliwanyang'anya wadaiwa wao mashamba, yakajikuta yanamiliki ardhi na mabanda yanayoanguka. Huko St. Louis, Missouri, alikuwako Howard Doane, aliyeanzisha mwaka 1919 kampuni ya kusimamia mashamba kwa niaba ya wenyewe. Kazi yake ilikuwa kutafuta kila senti iliyoweza kuokolewa, na jengo ndilo lililokula senti nyingi.

Doane alirudi kwenye nguzo ya kuchimbia. Mabanda yake ya kwanza yalitumia nguzo za mwerezi mwekundu, ambao kwa ukoo wa mimea ni ndugu wa mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya, mti unaojulikana kwa uzio usiooza. Nguzo zilisimamishwa karibu karibu, kenchi zikawekwa juu, mbao nyembamba zikalazwa juu ya kenchi, na mabati yakapigiliwa. Banda lilisimama, ila bado lilikula mti mwingi.

Aliyelikamilisha ni msimamizi wake wa mashamba, Bernon Perkins. Alibadilisha mambo ambayo mtu angeyaona madogo. Papi, yaani zile mbao nyembamba za paa zilizokuwa zikilazwa bapa, yeye alizisimamisha kwa ubavu. Chukua ubao ambao upana wake ni mara 3 ya unene wake, ulaze kati ya viguzo viwili na ukanyage katikati: utabonyea. Usimamishe kwa ubavu ukanyage tena: ugumu wake umeongezeka mara 9. Ubao ni ule ule, bei ni ile ile. Kwa papi za namna hiyo Perkins aliweza kuachanisha mihimili ya paa, na kwa kuachanisha mihimili aliweza kuachanisha nguzo. Nguzo zikawa chache, kwa hiyo akamudu kununua zilizotiwa kreosoti. Uzito wa paa ulitoka kwenye bati ukaingia kwenye papi, kutoka papi ukaenda kwenye mhimili, kutoka mhimili ukashuka nguzoni na kuishia ardhini. Kuta hazikubeba kitu. Ukuta ulikuwa ngozi tu ya kuzuia upepo, na ukitaka upande mmoja ubaki wazi ng'ombe waingie na kutoka, unauacha wazi.

Banda la namna hii linajengwaje? Unapima mstatili na kuhakikisha pembe kwa kamba. Unachimba mashimo ya kina cha mita 1.2 au zaidi, kutegemea majira ya baridi ya mahali, kwa kuwa maji yaliyo udongoni yakiganda hufura na kuinua chochote kilichoishia juu yao. Chini ya kila shimo unamwaga bamba la zege, kwani nguzo inayobeba paa lenye theluji itadidimia kwenye udongo mtupu. Nguzo zinasimamishwa, mara nyingi zikiachana kiasi cha mita 2.4, zinanyooshwa kwa timazi, na shimo linajazwa kidogo kidogo huku likishindiliwa. Kushindilia ndiyo kazi ya heshima kuliko zote hapo, ingawa ndiyo inayochosha. Udongo uliotupwa tu utaiachia nguzo icheze, na nguzo inayocheza itang'oa misumari yote ya juu. Kisha mbao za mlalo zinapigiliwa nje ya nguzo, ya chini kabisa ikiwa nayo imetiwa dawa maana inagusa ardhi. Mihimili, papi, mabati. Watu wachache wanaoelewana wanamaliza bila kuita kijiji.

Dhoruba ndiyo mtihani wake. Watu wengi hudhani upepo hukandamiza banda, lakini upande uliofunguka huingiza upepo na kulinyanyua paa kama tanga. Kwa hiyo nguzo inatakiwa pia ishikwe isitoke. Mafundi hupigilia vipande vya mbao pembeni mwa sehemu iliyo shimoni, au humwaga zege kuizunguka, ili udongo uliolalia juu uwe nanga.

Kilicholieneza banda hilo kwa kasi ni trekta. Karibu na 1918 Marekani ilikuwa na farasi na nyumbu zaidi ya milioni 25, na mabanda ya zamani yalikuwa, kwa sehemu kubwa, ghala za chakula chao: dari kubwa ya nyasi kavu juu, mazizi chini. Kufikia 1960 walibaki takriban milioni 3. Dari haikuwa na kazi tena. Mkulima alihitaji uwazi mpana usio na nguzo katikati, mlango wa kuingiza mashine ndefu kuliko chumba, na sakafu ya udongo au zege. Mwaloni wa Pennsylvania, pamoja na uzuri wake wote, haukuweza kumpa hayo. Pia mwaka 1935 Rais Franklin Roosevelt aliunda wakala wa umeme vijijini, wakati ambapo shamba moja tu katika kumi lilikuwa na umeme, na nguzo za mpaini zilizotiwa dawa zikapandwa mpaka mbele ya mlango wa mkulima. Hakuhitaji tena kuambiwa kwamba zinadumu. Aliziona kila siku.

Perkins alipata hataza mwaka 1953, na kampuni ya Doane ikaimiliki. Haikuitumia kuwabana watu. Michoro ilisambazwa, vyuo vikuu vya kilimo vya majimbo vikaifundisha kupitia maofisa ugani, na makampuni ya mabati yakaitangaza kwa faida yao. Nasema bila kusita kwamba uamuzi huo una thamani sawa na uvumbuzi wenyewe. Miaka miwili baadaye, huko Florida, Calvin Jureit alibuni bamba la chuma lenye meno yaliyokatwa humo humo, linalokandamizwa kwenye maungio ya mbao badala ya kupigilia misumari mmoja mmoja. Kenchi zikaanza kutengenezwa kiwandani, ndefu, nyepesi, na banda likapata upana ambao Perkins hakuwa nao.

Dawa nayo ilibadilika, na hapa sifa inakwenda Asia. Mwaka 1933 Sonti Kamesam, akifanya kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Dehra Dun, India, alichanganya shaba, kromiamu na aseniki katika maji. Shaba huua kuvu, aseniki huua wadudu, na kromiamu huvifungia vyote ndani ya mti visioshwe na mvua. Nguzo zilizotiwa dawa hiyo hazichafui mikono kama za kreosoti, na hujulikana kwa rangi yake ya kijani. Lakini aseniki ni sumu, na wenye viwanda wa Marekani walikubali kuacha kuiuza kwa mbao za makazi mwishoni mwa 2003, baada ya hofu kuhusu watoto wanaocheza juu ya vibaraza vya mbao hizo. Kwa nguzo za mashambani na za umeme iliruhusiwa kuendelea.

Dawa hiyo hiyo imefika kwetu. Mikaratusi na mipaini ya Mufindi na Njombe hutiwa dawa kwa shinikizo kama la Bethell kabla ya kusafirishwa kubeba nyaya za umeme vijijini, na wafugaji wengi wameanza kununua nguzo kama hizo kwa mabanda na uzio. Anayezinunua aulize zimetiwa dawa gani, na kama ilisukumwa kwa tangi au ilipakwa tu. Akiikata nguzo, ncha iliyokatwa ielekezwe juu na ile yenye dawa kamili iingie shimoni, kwa kuwa msumeno hufunua mti usio na kinga. Na mabaki yasitumike kamwe kutengeneza hori la kulishia ng'ombe, wala yasiingie jikoni kuwa kuni. Moto hauiondoi aseniki. Sehemu yake hutoka na moshi, na sehemu hubaki katika majivu, yale ambayo akina mama wengi huyamwaga bustanini.